Matanga ya Mradi

Usiku ule Biubwa hakulala. Aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akakaa mbele yake kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja. Muuguzi Jelimo wa kliniki alikuwa amesema atatuma ujumbe: ama chumba cha dawa kitafunguliwa asubuhi, ama hakitafunguliwa. Jambo lenyewe ni hilo tu, wala halihitaji maneno mengi.

Nyuma ya pazia, binti yake Najma alikohoa. Biubwa akainua kichwa. Kikohozi cha mwanzo, kabla ya dawa, kilikuwa kizito, cha kuwaamsha majirani wa ghorofa ya juu. Dawa zilikuwa zimekishusha kikawa kikavu, cha mbali, kama cha mtu aliye barabarani. Sasa kila Najma alipokohoa, mama yake alisikiliza kwa hofu kujua ni kipi kati ya viwili hivyo.

Ugonjwa wa Najma ulikuwa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia vidonge vya kawaida. Chuo kikuu kilikuwa na kliniki ya utafiti pale pale Hillbrow, mjini Johannesburg, mitaa michache kutoka kwenye jengo lao, na kilikuwa kinajaribu dawa mpya kwa fedha za serikali ya Marekani. Najma aliingizwa humo akiwa amebaki mifupa, akaanza kurudi mwili, mpaka nguo zake za zamani zikambana naye akalalamika kwa furaha. Halafu kule Marekani serikali ikabadilika, na wakubwa wapya wakaandika amri: kazi ile isimame. Isimame pale pale ilipofika. Hata vidonge vilivyokwisha kununuliwa na kupangwa kabatini visiguswe.

Hospitali ya serikali ilisema itampokea, ila asubiri zamu yake. Na langoni kwake siku hizo walisimama watu wasio na kazi waliojipa kazi ya kuwauliza wenzao vitambulisho na kuwafukuza wageni wa nchi nyingine. Najma alizaliwa Johannesburg, na Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yao, lakini walimwona mama yake na buibui lake wakawarudisha wote wawili. Kopo la vidonge nyumbani lilibaki na vya kufunika kitako tu. Jelimo alikuwa ameonya: dawa zikikatika, ugonjwa hurudi na ukirudi huwa umejifunza.

Simu ikalia. Biubwa akaidaka, akaona haikuwa jibu la Jelimo mwenyewe. Ilikuwa taarifa ndefu ya Kiingereza, na juu yake Jelimo ameandika, "Pole Mama, ndiyo hii tu wametupa."

"Najma! Amka usome."

Najma akatoka amejifunga shuka. Kiswahili alikielewa chote, lakini kukizungumza alikuwa akikanyaga kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe.

"Eish, Ma. Refu hili." Akasoma kwa kutafsiri. "Chuo kimeguswa sana na mabadiliko haya ya sera. Chuo kinasimama pamoja na washirika wake wote. Chuo kinaendelea na mazungumzo katika ngazi zote."

"Chumba cha dawa?"

"Sijafika."

"Basi fika!"

Najma akateremsha kidole mpaka mwisho. "Hakuna chumba cha dawa, Ma. Kuna nembo ya chuo."

"Wameguswa," Biubwa alisema. "Wameguswa wapi? Mbavuni?"

Najma akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mzaha ukaishia hapo.

Biubwa alikifahamu chuo kwa njia yake. Alikuja Johannesburg kutoka Unguja kumfuata mumewe Mahmoud, aliyekuwa akiuza mapazia mtaa wa Fordsburg mpaka moyo wake uliposimama dukani, kitambaa kikiwa mkononi. Shule Biubwa aliiacha kabla haijamzoea. Lakini sambusa alizijua, na baada ya msiba ndizo zilizomlea Najma. Wenye maduka wa Fordsburg walizila, habari zikapanda mpaka chuoni, na kwa miaka Biubwa akawa anasimama nyuma ya meza kwenye vikao vya wasomi, mkono kwenye koleo la sambusa, sikio kwenye maneno.

Alichojifunza pale ni kwamba chuo kina namna moja ya kushtuka. Wizara ilipobadilisha masharti ya vibali vya wanafunzi kutoka nje, chuo kiliitisha kikao, kikatoa taarifa, kikala sambusa. Serikali ilipobana mikopo ya wanafunzi, chuo kilitoa taarifa na kula sambusa za mboga. Baada ya taarifa kilikuja kikao cha kuipima taarifa ilivyopokelewa. Wanafunzi wenye vibali vilivyokwama hawakuwamo katika vikao hivyo. Biubwa alijua, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wakija jikoni kwake kumenya viazi.

Wakamtia na yeye kwenye baraza la wakazi, maana utafiti wa watu unataka wakazi wa kushauri. Ushauri wake haukuulizwa hata siku moja. Lakini wageni wa Marekani walipokuja, aliambiwa avae kanga, "zile za rangi rangi", akae mbele.

Asubuhi alikwenda kliniki na Najma. Mlango wa chumba cha dawa, ule wa chuma mwishoni mwa ukumbi, ulikuwa umefungwa. Jelimo alikuwa amesimama kando yake na koti lake jeupe, macho mekundu.

"Mama Najma, funguo ninayo mfukoni hapa," alisema. "Dawa ziko ndani, za kila mtu, hadi za kumaliza. Lakini Profesa, mkuu wa mradi, hajatoa ruhusa. Wanasheria wamesema tukigusa hata kidonge kimoja, Wamarekani watasema tumekiuka amri, na rufaa ya chuo itaharibika."

"Rufaa itatoka lini?"

"Hakuna anayejua."

"Na mapafu ya mwanangu mmeyaandikia yangoje?"

Kwenye benchi alikuwepo Célestine, mwanamke wa Lubumbashi ambaye mume wake alikuwa kwenye dawa zile zile. Akasema bila kugeuka, "Bale bantu ba masomo beko na maneno mingi. Dawa iko pale. Bafungule tu."

Ndipo akatokea Sidney Gichuki, kijana wa Nairobi, afisa mawasiliano wa chuo, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Chuo kilimpenda kwa kuwa aliweza kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili, na yeye alikipenda chuo bila sababu.

"Mama Najma! Nimekuwa nikikutafuta. Sasa hapa ndipo tunakuhitaji kabisa. Chuo kinatuma watu Washington waongee na maseneta. Vyuo vingine pia viko ndani, tumeungana. Lakini wale watu hawasikii takwimu. Wanataka uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mgonjwa. Stori yake. Dakika mbili tu, Najma akae hapo dirishani, mwanga ni mzuri, aseme vile dawa zimemsaidia. Akikohoa kidogo si mbaya."

"Na asipokohoa mtamfinya?"

"Ai, Mama. Ni utetezi huu. Tunawatetea."

"Mkishanitetea mtafungua mlango ule?"

Sidney akautazama mlango wa chuma kama mtu aliyeoneshwa picha ya nchi ya mbali. "Hilo la dawa ni suala tofauti. Liko kwa wanasheria."

Biubwa hakukataa papo hapo, na hilo lilimuuma baadaye. Kwao ugonjwa husitiriwa. Majirani wote wa jengo walijua Najma ana kifua cha baridi ya Johannesburg, basi, na waliohisi zaidi walikuwa na adabu ya kunyamaza. Kumweka mtoto wa kike dirishani dunia nzima ioneshwe mapafu yake lilikuwa jambo la kumvua nguo. Lakini alisimama pale akipima: huenda seneta mmoja akaona, huenda akasema neno. Mama mwenye hofu hupima hata upuuzi.

Najma ndiye aliyejibu, kupitia barakoa yake. "Hapana, bra, kaka yangu. Nikitokea hapo, kazi yangu ya dukani imeisha." Alikuwa akiuza vifuniko vya simu Fordsburg, na mwenye duka alidhani yuko likizo.

"Tunaweza kuficha jina," Sidney alisema.

"Jina mfiche, uso mwoneshe?" Biubwa alisema. "Haya, sharp, mwanangu. Nenda katafute uso mwingine."

Siku iliyofuata chuo kilifanya shughuli kwenye bustani yake. Biubwa aliombwa sambusa, akapika, akaenda, kwa sababu alitaka kumwona huyo Profesa asiyetoa ruhusa. Walimu na wanafunzi walijifunga utepe mweusi mkononi. Kulikuwa na shada la maua, na bango lililoandikwa kwamba sayansi inalia. Profesa Dippenaar akapanda kwenye kijukwaa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto mchanga, na alizungumza taratibu ili wenye kamera wapate kila neno.

"Leo tunaomboleza," alisema. "Mradi wetu umekufa. Na haukufa kifo chake. Umeuawa."

Watu wakainamisha vichwa. Mwanamke mmoja wa idara ya fedha akafuta machozi, kisha akachukua sambusa mbili.

Biubwa akamwita Sidney kwa kidole. "Mwanangu, nieleweshe. Hii ni maandamano au msiba?"

"Msiba, Mama. Msiba kabisa. Chuo kizima kimefiwa."

"Na mfiwa mkubwa ni Profesa?"

"Unaweza kusema hivyo. Huo mradi ni kama mtoto wake."

"Na kasema mbele ya watu kuwa umekufa. Hausubiriwi tena."

"Amesema, ndiyo. Mbona?"

"Basi pole yao," Biubwa alisema, akaanza kukusanya sahani zake zikiwa bado na sambusa, watu wameshanyoosha mikono.

Jioni ile alipita kwa Célestine, wakazungumza mlangoni. Célestine alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi mara moja. "Matanga? Siye tunaijua sana! Lakini kwetu ni kuimba."

"Mtaimba," Biubwa alisema. "Siye tutakaa kimya. Kila mtu kwa mila yake."

Asubuhi Najma alimeza vidonge vya mwisho kwa chai ya rangi. Alilitikisa kopo tupu mbele ya mama yake, akalitupa. Biubwa akachukua mikeka miwili, birika la kahawa na kanga nyeusi na nyeupe aliyoivaa alipofiwa na Mahmoud. Wakaondoka.

Mlangoni kwa kliniki alikuwa Vuai, mlinzi, mzaliwa wa Makunduchi, mtu mzima mwenye kofia ya kampuni iliyomzidi kichwa. Aliona wanawake wakivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, na mikeka mabegani, mama na wake na dada wa wagonjwa, na wagonjwa wenyewe nyuma yao na barakoa. Akasimama.

"Bi Biubwa, kheri?"

"Msiba, Vuai."

"Inna lillahi. Nani tena?"

"Mradi wa Profesa. Jana katangaza mwenyewe."

Vuai akakuna shingo. "Sasa, bibi, miye nimeambiwa asiingie mtu bila kadi."

"Umepata kuona wapi watu wanaingia matangani kwa kadi?"

Vuai alifikiri. Hilo hakuwahi kuliona. Akavua kofia, akafungua geti pande zote mbili kama inavyotakiwa, na alipokwisha kuwaingiza, akavua viatu na yeye akaketi mwisho wa mkeka. Redio yake ya begani ikapiga kelele ikiuliza ni watu gani wale ukumbini na kwa nini hawajaondolewa. Vuai akaisogeza mdomoni, akajibu kwa heshima kwamba pana kifo, na watu wamekuja kuwahani wafiwa. Redio ikanyamaza. Kisha ikatoa pole.

Walikuwa wametandika kati ya milango miwili: huku mlango wa mbao wa Profesa, kule ule wa chuma. Hakuna aliyeweza kupita bila kuwavuka, na kila aliyewavuka alipewa mkono na kuambiwa pole. Wanafunzi wa maabara wakapokea kahawa bila kujua wafanye nini nayo. Célestine na wenziwe wakaanza wimbo wa chini chini wa kikwao, wa kumuuliza marehemu amemwachia nani watoto. Jelimo alisimama penye mlango wake wa chuma, mkono mfukoni.

Sidney akaja mbio. "Mama Najma, nakuomba. Waandishi wa habari wako njiani, na televisheni. Wanakuja kumhoji Profesa vile chuo kinasimama na wagonjwa wake."

"Vizuri. Wagonjwa ndio hao, wamekaa. Mwite aje."

"Lakini si mnajua haya ni maneno tu? Hakuna mtu amekufa!"

"Kumbe?" Biubwa akamtazama. "Basi kama haukufa, na dawa zitoke."

Mlango wa mbao ukafunguka, Profesa akatoka amekwisha kuvaa koti la kuhojiwa. Aliona mikeka, birika, viatu vilivyopangwa ukutani, na mlinzi wake amekaa pekupeku. Biubwa akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwambie namwambia pole," alimwambia Sidney. "Tumekuja kumliwaza. Mtu akifiwa haachwi peke yake."

Sidney akatafsiri huku akitazama saa. Profesa akasema anashukuru, ameguswa sana.

"Mwambie najua, ameguswa. Sasa, kwetu maiti akishazikwa, vyombo vyake havifungiwi kabatini vikaliwa na panya. Huitwa warithi wake wakapewa. Yeye kasema mradi umekufa. Warithi ndio hawa."

Profesa akainua mikono taratibu. Akaeleza kwa sauti yake ile ya kulaza watoto: dawa kisheria si za chuo, ni za waliozilipia, suala ni tata, kuna mazungumzo katika ngazi zote.

Biubwa alisikia jibu kabla halijatafsiriwa. Alimtazama Najma aliyeegemea ukuta, akiminya kikohozi kwa kiganja, akaikumbuka sauti ya kopo tupu.

"Muulize kitu kimoja tu. Jana kasema mradi umeuawa. Umeuawa na nani?"

Sidney akasita. "Unajua alimaanisha nani, Mama. Hao wakubwa wapya wa Marekani."

"Haya. Mwambie katika dini yangu anayeua hamrithi aliyemuua. Hata awe baba, hata awe ndiye aliyemnunulia nguo zote alizovaa. Hana neno tena juu ya vitu vya marehemu. Mfiwa ndiye mwenye neno."

Vuai akasema kutoka mkekani, "Hiyo kweli kabisa," na wanawake wakaitikia. Célestine akapandisha wimbo juu.

Pengine Profesa alikuwa na la kujibu, maana watu hao hawakosi. Lakini nje breki za gari zililia, na kupitia dirisha wote wakaona gari jeupe lenye sahani ya kunasa mawimbi juu yake likitafuta pa kuegesha. Profesa akarudi ndani na Sidney, mlango wa mbao ukafungwa.

Wakangoja. Biubwa alikaa, akamvuta Najma kando yake. Ndani kulisikika sauti ya mwanasheria kwenye simu, kisha ya Profesa, isiyokuwa ya upole tena, kisha ya Sidney akisema neno "televisheni" kila sentensi. Vuai alikuwa ameinuka mkekani na kwenda kuwafungulia wageni geti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu alikuwa akiwauliza, mmoja mmoja, kama na wao wamekuja msibani.

"Ma, wasipofungua?" Najma alinong'ona.

"Tutakaa."

"Mpaka lini?"

Biubwa akamfunika miguu kwa upande wa kanga.

Mlango wa mbao ukafunguka. Profesa alikuwa amepata karatasi na sauti yake ya upole. Akatangaza kwamba kwa kuzingatia ustawi wa wagonjwa, ambao daima umekuwa kiini cha maamuzi ya chuo, chuo kimeamua dawa zilizopo zitolewe leo. Haikuwa huruma iliyomtoa mle ndani, Biubwa aliona. Walikuwa wageni wa televisheni. Lakini kidonge hakiulizi kimetolewa kwa sababu gani.

Jelimo hakungoja karatasi imalizike kusomwa. Alikwisha kuutoa ufunguo. Chuma kikalia, mlango ukafunguka, na harufu ya vidonge na kadibodi ikatoka ukumbini kama hewa ya nyumba iliyofungwa.

"Najma Mahmoud," Jelimo aliita.

Hapo hapo Sidney akapita mbele ya mikeka, simu juu, na nyuma yake kamera ya televisheni. "Pole pole, Najma, ingia pole pole," alisema. "Tazama huku."

Biubwa akaivua kanga ya mabegani, akaikunjua kwa mikono miwili, kubwa na nyeusi na nyeupe, akaitandaza kati ya mwanawe na ile simu. Wakatembea hivyo hivyo mpaka chumbani, mama kinyumenyume, kanga mbele yake, Najma nyuma yake akikohoa kwa uhuru.

"Mama Najma!" Sidney aliita. "Si mmepata? Hata picha moja tu?"

"Piga ya mlango," Biubwa alisema, akausukuma kwa mguu, ukajifunga.